Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Barua Pepe za SACCOS na Namna ya Kutokosa Taarifa za Uanachama

Ukurasa huu ni wa wanachama wa SACCOS, yaani vyama vya ushirika vya akiba na mikopo, ingawa mengi yaliyomo yatamfaa pia mwanachama wa bodi ya taaluma, chama cha wafanyakazi au mfuko wa kusaidiana unaotuma taarifa zake kwa barua pepe. Mimi niko upande wa ofisi: natunza daftari la wanachama na kutuma taarifa. Maswali haya ndiyo tunayoulizwa dirishani na kwenye simu, na huongezeka msimu wa mkutano mkuu unapokaribia. Nimejibu kwa urefu pale ambapo watu huumia zaidi.

Kwa nini nihangaike na barua pepe wakati kuna SMS na kundi la WhatsApp?

Kwa sababu nyaraka zenye uzito haziingii kwenye SMS. Taarifa ya mkutano mkuu huja na ajenda, muhtasari wa mkutano uliopita, hesabu zilizokaguliwa na makisio ya mapato na matumizi ya mwaka unaofuata. SMS itakupa tarehe na ukumbi, basi. Ukienda mkutanoni na SMS peke yake utanyoosha mkono kupitisha hesabu ambazo hujaziona.

Kundi la WhatsApp nalo lina udhaifu wake. Tangazo likiwekwa asubuhi, mchana limeshafunikwa na salamu, pole za msiba na picha za harusi. Tena kundi si kumbukumbu ya ofisi: aliyebadilisha simu hana ujumbe wa zamani, na aliyetolewa kundini hajui kilichosemwa. Ukitaka kuonyesha miezi sita baadaye kwamba ulipewa au hukupewa taarifa ya kupanda kwa riba ya mkopo, barua pepe yenye tarehe na saa itakusaidia kuliko picha ya kioo cha simu iliyosambazwa na mtu mwingine.

Ni barua zipi hasa ambazo sitakiwi kuzikosa?

Wengi hujibu upesi: ya mkutano mkuu na ya gawio. Ni kweli. Kwa walioko Kenya, sheria ya vyama vya ushirika inataka mkutano mkuu wa mwaka ufanyike ndani ya miezi minne baada ya mwaka wa fedha kuisha, kwa hiyo chama kinachofunga hesabu Desemba kitawaita wanachama kabla ya Aprili kwisha. Huo ndio msimu wa kuchungulia kikasha mara kwa mara. Kwa Tanzania, soma masharti ya chama chako uone notisi hutolewa siku ngapi kabla, kisha jiwekee alama kwenye kalenda. Kama chama chako ni kikubwa na kinaendeshwa kwa wawakilishi, barua yako muhimu si ya mkutano mkuu wenyewe. Ni ile ya kikao cha kanda au tawi kinachomchagua mwakilishi. Ukikikosa hicho, mwaka mzima anakusemea mtu ambaye hukumpigia kura. Hali kadhalika fomu za kugombea bodi na kamati ya usimamizi: zina siku ya mwisho kurudishwa, na siku hiyo hupita wiki kadhaa kabla ya mkutano.

Lakini barua ninayoihofia kuliko zote ni ya mdhamini. Uliposaini fomu ya mkopo wa mwenzako uliweka akiba zako kuwa dhamana. Mkopaji akichelewesha marejesho, ofisi humwandikia yeye na wadhamini wake. Barua ya kwanza hufika deni likiwa bado dogo. Hapo una nafasi ya kumpigia mwenzako, kukaa naye, kumsindikiza ofisini aombe kupangiwa upya marejesho. Mdhamini ambaye hakuisoma huja kujua siku akiba zake zimeshakatwa. Nimekaa na mwalimu aliyekuja na karatasi ya salio mkononi, akaniuliza kwa sauti ya chini, “Dada, hela zangu zimekwenda wapi?” Tulipofungua simu yake pamoja, barua zote za tahadhari zilikuwamo, hazijafunguliwa, zimebanwa katikati ya ofa za bando na punguzo za maduka ya mtandaoni. Aliyemdhamini walikuwa wakifundisha shule moja. Wangeweza kuyamaliza kwenye chumba cha walimu.

Nyingine za kuziangalia: mabadiliko ya masharti, riba au kima cha hisa, wito wa kuhakiki taarifa za mwanachama, na kuhamia mfumo mpya wa kuingilia kwenye akaunti yako.

Nimechoshwa na matangazo yenu. Nikibonyeza “Unsubscribe” nitakosa na taarifa za mkutano?

Inawezekana, na ndiyo maana nataka ulifanye jambo hili taratibu.

Kuna vyama vinavyotenganisha orodha: moja ya taarifa rasmi, nyingine ya matangazo ya bidhaa, kama mkopo wa sikukuu au viwanja. Kwa vyama hivyo, kujiondoa kwenye matangazo hakugusi notisi. Kuna vingine vina orodha moja tu ya kila kitu. Ukijiondoa huko umejiondoa kote, na mtumaji hana namna ya kujua kwamba ulichochoka nacho ni viwanja tu.

Sasa angalia kifaa unachobonyeza. Gmail huonyesha kitufe cha kujiondoa juu ya barua, karibu na jina la mtumaji. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wanawataka watumaji wakubwa, na kwa Google ni wale wanaopeleka barua 5,000 au zaidi kwa siku, waweke njia ya kujiondoa kwa mguso mmoja, na ombi litekelezwe ndani ya siku mbili. Kwa duka la viatu, hicho ni kitufe kizuri sana. Kwa chama chako, kipite. Hakikuulizi unataka kubaki na nini. Shuka hadi chini kabisa ya barua, fungua kiungo cha kujiondoa kilichoko hapo, usome ukurasa unaofunguka. Ukiona visanduku vya kuchagua aina za barua, ondoa tiki kwenye matangazo, acha kwenye taarifa za wanachama, kisha hifadhi.

Usipoona visanduku, toka bila kubonyeza kitu, uiandikie ofisi. Maneno machache yanatosha: “Naomba nisitumiwe matangazo ya bidhaa. Naomba niendelee kupokea taarifa za mikutano, mikopo na udhamini. Namba yangu ya uanachama ni hii.” Ombi la namna hiyo linaeleweka, na linabaki kwenye kumbukumbu.

Kujiondoa, kuripoti taka na kumzuia mtumaji vina tofauti gani?

Kujiondoa ni kumwambia mtumaji aache. Kuripoti taka (spam) ni kumwambia mwenye huduma ya barua pepe kwamba mtumaji huyu ni msumbufu. Kumzuia ni kuamuru kila kitakachotoka kwake kisifike mbele ya macho yako. Kwenye Gmail barua za uliyemzuia huenda moja kwa moja kwenye taka.

Kwa chama chako usitumie hizo mbili za mwisho, hata ukiwa umeudhika. Ukiripoti barua ya ofa kuwa taka, mashine haitofautishi ofa na notisi: inajifunza jina la mtumaji. Wenye anwani za Yahoo na Outlook wana jambo la ziada. Malalamiko yao hurudishwa kwa kampuni nyingi zinazotuma barua kwa wingi, nazo hulifunga jina la mlalamikaji lisitumiwe tena chochote. Ofisini tunaona tu kwamba fulani hapokei, na yeye hakumbuki kamwe kuwa aliwahi kubonyeza kitu.

Kama umeshamzuia, fungua mipangilio ya Gmail kwenye kompyuta, tafuta sehemu ya vichujio na anwani zilizozuiwa, mwondoe hapo.

Mnasema mmetuma, mimi siioni. Imekwenda wapi?

Usipekue folda moja moja. Kwenye kisanduku cha kutafutia cha Gmail andika in:anywhere, acha nafasi, kisha neno moja linalopatikana kwenye jina la chama. Amri hiyo inapekua hadi kwenye taka na kwenye tupio, sehemu ambazo utafutaji wa kawaida huziruka.

Mara nyingi itakuwa katika mojawapo ya sehemu mbili. Ya kwanza ni kichupo (tab) cha promosheni. Tangu 2013 Gmail inaweza kugawa kikasha katika vichupo, na barua yenye nembo kubwa, picha na viungo vingi huonekana kama tangazo hata kama ndani yake kuna ajenda ya mkutano. Ya pili ni folda ya Spam. Hii ina haraka zake: Gmail hufuta vilivyomo baada ya siku 30. Ukiikuta barua ya chama humo, ifungue na uthibitishe kuwa si taka. Kuisoma na kuiacha palepale hakusaidii kitu.

Kwa watumiaji wa Outlook, tazama pia folda ya Junk na upande wa pili wa kikasha, ule wa barua zisizopewa kipaumbele.

Nifanyeje ili isipotee tena?

Tengeneza kichujio, yaani agizo la kudumu linaloiambia Gmail ifanye nini na barua za mtumaji fulani. Ni kazi ya dakika chache na ndiyo yenye faida kuliko yote yaliyoandikwa kwenye ukurasa huu. Programu ya Gmail ya kwenye simu haina sehemu hiyo, kwa hiyo itabidi upate kompyuta: ya ofisini, ya mtoto, ya jirani. Ukitumia ya kuazima, kumbuka kutoka kwenye akaunti yako ukimaliza.

Fungua Gmail, tazama kisanduku cha kutafutia juu. Mwisho wake kulia kuna alama ya vistari vyenye vitufe. Ibonyeze, fomu ndogo itashuka. Kwenye mstari wa kwanza, wa mtumaji, andika anwani ya chama. Kama chama kina kikoa chake, yaani jina lake lenyewe nyuma ya alama ya @, weka alama ya @ na kikoa hicho, ili barua za mikopo, za uanachama na za mwenyekiti zote zinaswe kwa pamoja. Kama chama bado kinatumia anwani ya kawaida ya Gmail, andika anwani nzima. Ukiandika gmail.com peke yake utakuwa umewapa kipaumbele matapeli wote wa dunia.

Bonyeza kutengeneza kichujio. Itakuja orodha ya visanduku. Weka tiki pale panaposema barua isipelekwe kamwe kwenye taka, pale pa kuiweka alama ya umuhimu kila mara, na pale pa kuipanga, uchague kichupo kikuu. Kisha weka lebo, mfano “CHAMA”. Kabla ya kumaliza, chini kuna kisanduku kinachouliza kama kichujio kitumike na kwa barua zilizopo tayari. Kitie tiki: barua za miaka iliyopita zitajipanga chini ya lebo hiyo, na huenda ukakutana na jambo ulilopaswa kulijua mapema.

Kama kompyuta haipatikani leo, fanya mawili kwenye simu. Hifadhi anwani ya chama kwenye orodha ya majina yako, na kila barua yake utakayoikuta kwenye promosheni ihamishie kichupo kikuu. Kwenye iPhone, programu ya Mail inakuruhusu kugusa jina la mtumaji na kumweka kwenye kundi la VIP, ambalo unaweza kulipa mlio wake.

Barua zinafika kikashani, ila simu hailii.

Gmail ya Android yenye vichupo kwa kawaida hulia kwa barua za kichupo kikuu tu. Ingia kwenye mipangilio ya programu, chagua akaunti yako, angalia kama arifa zimewekwa kwa barua zote au kwa zile za kipaumbele pekee. Ukishakuwa na lebo ya “CHAMA”, unaweza kuifungulia arifa peke yake, na ofa za maduka zikaendelea kunyamaza.

Baada ya hapo kagua betri. Simu nyingi za bei nafuu huzima programu zisizotumika ili chaji idumu, na Gmail inaweza kuzimwa pia. Kwenye mipangilio ya betri iruhusu ifanye kazi bila kizuizi. Wengine wamefunga data ya chinichini kuokoa bando. Barua pepe ya maandishi hula data kidogo mno kulinganisha na video moja ya WhatsApp, kwa hiyo ifungulie.

Ofisi imeniambia barua zangu zinarudi. Zinarudije?

Sababu iliyoshamiri siku hizi ni nafasi kujaa. Google inatoa GB 15 bure kwa akaunti, na nafasi hiyo hugawanywa kati ya Gmail, Drive na Photos. Tangu 2024 nakala rudufu (backup) za WhatsApp kwenye Android nazo zinahesabiwa humo, tofauti na miaka ya nyuma. Mtu ana makundi kumi ya familia, harusi na mtaa, video zote zinahifadhiwa, akaunti inajaa bila yeye kutuma hata barua moja. Ikijaa, barua mpya hazipokelewi: humrudia mtumaji. Wewe huoni chochote, unadhani tumekusahau. Ingia kwenye mipangilio ya WhatsApp, sehemu ya nakala rudufu, uondoe video zisihifadhiwe. Kisha futa barua zenye viambatisho vizito. Ukitafuta larger:10M kwenye Gmail, utaletewa zote zinazozidi MB 10.

Sababu ya pili ni herufi. Fomu ya kujiunga hujazwa kwa mkono, na mwandiko una mambo yake: 1 na l zinafanana, alama ya chini kati ya majina mawili hufichwa na mstari wa fomu, .com inageuka .con. Tunapoingiza anwani isiyokuwepo, mfumo hujaribu, hukataliwa, na mara nyingi huacha kuijaribu tena. Ukija ofisini kwa shughuli yoyote, mwombe karani akusomee anwani yako kwenye kioo herufi kwa herufi. Hakuna atakayekuona msumbufu.

Nilijiandikisha kwa anwani ya kazini. Kuna tatizo?

Lipo, na wanaolipata zaidi ni wastaafu na waliohamishwa. Anwani ya mwajiri, iwe ya kampuni au ile inayoishia na .go.tz, ni mali ya mwajiri. Siku ukiondoka inafungwa, na ndiyo siku unayohitaji sana barua za chama: mafao yanakuja, makato ya mshahara yanakoma, marejesho ya mkopo yanabidi yapangiwe njia nyingine. Badilisha anwani kabla ya kustaafu, huku bado unaweza kufungua zote mbili.

Wapo pia wenye anwani ambayo si yao kwa vitendo. Ilifunguliwa steshenari siku ya kuomba mkopo wa elimu ya juu wa HESLB au ajira, nywila imeandikwa nyuma ya bahasha iliyopotea, na namba ya simu iliyowekwa ni ya mwenye steshenari. Hiyo achana nayo. Fungua nyingine kwa simu yako, kwa namba yako, uandike nywila mahali salama nyumbani, kisha uiletee ofisi kwa maandishi.

Na kuna anwani ya Gmail ambayo mtu aliiweka siku aliponunua simu ili apakue programu, basi. Hiyo inafaa kabisa, ilimradi ujue jina lake na uifungue. Akaunti ya Google ambayo haijatumika kwa miaka miwili inaweza kufutwa pamoja na kila kilichomo. Ufutaji huo ulianza Desemba 2023.

Nifungue anwani mpya kwa ajili ya chama pekee?

Wengi wangekwambia ndiyo. Mimi nashauri kinyume chake. Anwani ya pili kwa kawaida haifunguliwi, na ile unayoipa shughuli nzito ndiyo inayosahaulika. Chama, benki, shule ya mtoto na mfuko wa bima ya afya viwe kwenye anwani unayoitazama kila siku. Hamisha maduka, michezo ya kubahatisha na usajili wa mara moja kwenye anwani ya pili.

Gmail ina njia fupi pia. Ongeza alama ya kujumlisha na neno lolote kabla ya @, mfano +duka, na barua itakufikia vilevile. Ukitengeneza kichujio cha anwani hiyo, kila utakachojisajilia kwa namna hiyo kitajipanga pembeni.

Kwa uchafu uliopo tayari, tafuta neno unsubscribe kwenye kikasha. Karibu matangazo yote yatajitokeza. Ondoa matano au sita kila jioni ukisubiri chakula, uanze na yanayokuja kila siku. Usijiondoe kwa mtumaji usiyemjua kabisa. Kubonyeza kiungo chake ni kumthibitishia kuwa anwani yako ina mtu. Huyo ndiye wa kuripoti taka.

Nitajuaje kuwa barua kweli imetoka kwenye chama na si kwa tapeli?

Gusa jina la mtumaji usome anwani nzima. Jina linaloonekana linaweza kuandikwa lolote, hata jina la mwenyekiti wako. Soma kikoa kuanzia nyuma ya alama ya @, herufi kwa herufi.

Kisha angalia inachoomba. Chama hakihitaji PIN yako ya M-Pesa wala nywila yako. Barua inayosema akaunti ya benki ya chama imebadilika na malipo yaende kwingine usiitekeleze hata kama ina nembo na muhuri, mpaka upige simu kwa namba uliyokuwa nayo wewe mwanzo. Namba iliyoko ndani ya barua hiyo si ya kupiga. Na haraka ni ishara: “kabla ya saa sita leo au utapoteza hisa zako” si lugha ya ushirika. Kumwondoa mwanachama kuna utaratibu wake kwenye masharti, na hauishi kwa saa chache.

Niko Muscat, au London. Kuna la ziada?

Kwako barua pepe ndiyo njia kuu. Laini ya nyumbani isiyotiwa salio wala kutumika hufungwa, na namba huweza kupewa mtu mwingine. SMS ya chama inamfikia yeye. Iandikie ofisi itumie barua pepe kwanza, na namba yako ya huko kwa WhatsApp ya dharura.

Angalia pia saa. Tangu vyama vizoee mikutano ya mtandaoni kipindi cha korona mwaka 2020, notisi nyingine husema “saa 4:00 asubuhi”, na kiungo cha mkutano kikaandika 10:00. Ni wakati uleule wa Afrika Mashariki. Muscat itakuwa 11:00; London 7:00 wakati wa baridi na 8:00 wakati wa kiangazi. Usiandike 4:00 kwenye kalenda ya simu, itakuamsha alfajiri bure.

Mimi ni katibu wa chama. Upande wetu tufanye nini?

Msiwaachie wanachama mzigo wote. Mwanachama akijitahidi na ofisi ikawa na fujo, atakosa taarifa vilevile.

Kwanza, tenganisheni. Anwani moja kwa notisi, nyingine kwa matangazo, na orodha mbili. Hapo mtu anaweza kukataa viwanja bila kupoteza kura yake. Kichwa cha barua kiseme jambo na tarehe: “Notisi ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, Jumamosi 14 Machi, saa 3:00 asubuhi”. “Taarifa muhimu kwa wanachama” imeandikwa mara nyingi mno, hakuna anayeifungua tena. Tarehe, ukumbi na kinachotakiwa kwa mwanachama viandikwe ndani ya barua yenyewe. Kuweka yote kwenye PDF peke yake ni kuwanyima wasomaji wa simu ndogo.

Pili, msitume kwa mamia kutoka anwani ya Gmail ya mtu binafsi. Akaunti ya kawaida ina kikomo cha wapokeaji 500 kwa siku, na anwani zote zikiwekwa kwenye mstari wa wazi, kila mwanachama ameziona za wenzake. Pateni kikoa cha chama na fundi awawekee uthibitisho wa SPF, DKIM na DMARC, unaoonyesha kuwa barua kweli imetoka kwenye kikoa chenu. Bila huo, tangu 2024 barua zenu zina nafasi kubwa ya kuishia kwenye taka hata zikiwa halali kabisa.

Tatu, someni ripoti ya barua zilizorudi siku hiyohiyo na mpige simu. Kwa barua za wadhamini mimi nasema hivi: asiyejibu apigiwe, asiyepatikana aandikiwe kwa karatasi kupitia tawi lake au mahali pake pa kazi. Akiba ya mtu isiguswe kwa sababu ya barua ambayo hakuna ajuaye kama ilifunguliwa.

Sheria inasemaje kuhusu matangazo?

Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Inakupa haki ya kuzuia taarifa zako zisitumike kwa matangazo ya biashara, na haki ya kutaka zirekebishwe zikiwa na makosa. Kenya ina sheria yake ya 2019 yenye haki kama hizo. Kwa hiyo ukikataa ofa unatumia haki yako, na ukileta anwani sahihi una haki ya kuona imebadilishwa.

Mama yangu ni mwanachama lakini hatumii barua pepe.

Asilazimishwe. Njoo naye, ajaze fomu ya mawasiliano kwamba anataka SMS na karatasi ya tawini. Akitaka taarifa zije kwako, aandike yeye mwenyewe na asaini. Kisha wewe uzisome naye, hata za kawaida. Uanachama ni wake. Na hapohapo akague jina la mrithi aliyemteua kwenye fomu yake, maana fomu nyingi bado zina majina ya watu waliokwisha kufariki.

Nimekosa taarifa, mkutano umepita. Nifanyeje?

Iandikie ofisi wiki hiyohiyo. Omba muhtasari wa mkutano, maazimio na hesabu zilizopitishwa. Uliza notisi ilitumwa lini, kwa njia gani na kwa anwani ipi. Ofisi inayotunza kumbukumbu itakujibu bila kusitasita. Kama kosa ni la anwani, irekebishe papo hapo. Kama hukutumiwa kabisa, andika malalamiko kwa bodi, na usiporidhika yapeleke kwa afisa ushirika wa wilaya yako. Kama kuna azimio linalogusa mkopo wako au udhamini wako, njoo ofisini kabla ya makato ya mwezi unaofuata, ukiwa na kitambulisho na fomu uliyosaini.